Kitambaa Kibichi

Feruzi haipendi moto.
Fedha huyeyuka, ikatulia, ikasahau;
feruzi hugeuka kijani kibovu, ikapasuka,
na mwenye pete anakuja Ijumaa.
Ndiyo maana, kabla sijawasha gesi,
jiwe nalifunga kitambaa kibichi,
ndipo nauelekeza ulimi wa moto
upana wa ukucha kutoka pale.

Sikujua kwamba hayo ni maneno ya hospitali.

Dada yangu Mwanahawa ana kitu kwenye ini.
Si kikubwa: kunazi moja, kokwa na nyama yake.
Lakini kimechagua mtaa.
Huku nyongo, mkalia ini tangu dunia iumbwe,
kule utumbo mpana, umejilaza kama mgeni asiyeaga,
na kati yao hapana hata uchochoro.
Nasi wa Langoni twajua uchochoro mwembamba ni upi:
ule ambao punda wawili wakikutana
mmoja hurudi kinyumenyume.

Kisu kilikataliwa. Ini lenyewe limechoka,
halihimili kukatwa.
Kule Malindi, Daktari Dama Kenga
akageuza karatasi ya vipimo, akachora mgongoni mwake:
sindano, ncha yake inachemka,
inaongozwa na picha hadi kwenye kitu,
inakipika pale pale kilipo. Dakika kumi na mbili.
"Na jirani?" nikauliza.
"Jirani ndiye tatizo. Moto haujui mpaka.
Nitapitisha maji kati ya ini na utumbo,
yasukume, yapoze, yakae hapo kama ukuta.
Maji ya sukari. Ya chumvi hupitisha umeme,
yangetusaliti."
Nikacheka peke yangu. Mtu wa kisiwani,
kuambiwa chumvi ndiyo adui.

Nikamsimulia habari ya kitambaa.
Sikumsimulia ya pete ya Zuhura binti Shekuwe:
kitambaa kilikauka nikipiga soga na mpita njia,
jiwe likatoa ufa kama unywele,
nami nikaupaka nta, nikapokea pesa.
Miaka kumi na tisa, na bado nikimwona sokoni
naangalia kidole kabla ya uso.

Basi nikamuuliza swali la fundi kwa fundi:
"Wewe umewahi kupasua jiwe?"

Angeweza kunipa asilimia.
Akaweka kalamu chini.
"Moja," akasema. "Mzee mmoja wa Marafa.
Picha ilikuwa safi, akarudi kwao.
Siku ya nne utumbo ukatoboka
pale ulipoungua nasi hatukuona.
Alipona, baada ya wiki sita na mfuko ubavuni.
Tangu siku hiyo maji nayapima mara mbili,
na siku ya nne napiga simu mwenyewe."

Mwanahawa, aliyekuwa kimya muda wote,
akaivuta fomu.
"Huyu na anichome," akasema,
akaandika jina lake lote, mpaka la babu.
Sikumkataza. Moto salama sijauona
tangu nishike koleo nikiwa na miaka tisa.
Lakini huyu ufa wake hakuupaka nta.

Siku ya nne simu ililia, duka limejaa watu.
Nikampa mwenyewe.
Tumbo? Laini. Chakula? Kinapita.
Homa? "Ilikuya, ikenda," akasema,
kwa sauti ya mtu anayefukuza paka jikoni.

Imebaki mwezi wa kungoja picha nyingine,
kujua kama kingo zote ziliiva.
Upande wa utumbo alichoma kwa woga,
alituambia hivyo hivyo, bila kuuzunguka,
na woga huacha makombo.
Pengine sindano itarudi. Pengine hapana.

Jana nimempelekea chai, akaisukuma: sukari nyingi mno.
Nikamwambia, nyamaza, huo ndio ukuta wako.
Akacheka, akashika ubavu, akanitukana.

Asubuhi hii nimemtuma mtoto kwa Zuhura,
amwambie ailete ile pete.
Kitambaa tayari kiko majini.