Vumbi la Ramani

Miaka kumi na tisa niliipangusa ile ramani
sebuleni kwa Sinyora Ornella, barabara ya Kasuarina,
kitambaa kibichi mkononi, Jumatatu na Alhamisi:
Jenova, mkupuo mmoja. Milano. Milima ya rangi ya maziwa,
na juu kabisa, karibu na msumari,
kijiji chake, kitone kama kinyesi cha mjusi,
nusura nikikwangue siku ya kwanza.

Mwaka aliotimiza themanini akasema:
Nyevu, ndege naiogopa. Tutakwenda kwa meli
na wewe utanishika mkono.
Muyeye nzima ikaja kuniaga. Shangazi Mbodze
akanifungia ndimu za kichefuchefu
na chumvi ya pakiti, pengine huko bahari yao haina.

Meli! Ghorofa kumi na nne,
na chumba changu hakina dirisha, ila kina mtu wa kunitandikia.
Hapo ndipo nilipougua.
Si mawimbi yaliyoniuguza. Ni kitanda
kutandikwa na mkono wa mwingine.
Nikawa naamka alfajiri, navuta shuka kona zote nne,
mpaka Rodeli, kijana wa Manila, akanijia na uso wa msiba:
Mama, wakiona sina kazi watanishusha.
Basi tukapatana. Yeye shuka, mimi taulo moja.
Yeye hukunja bata. Mimi nikamkunjia kaa.
Tulipofika mfereji wa Suezi
ghorofa nzima ilikuwa ikilala na kaa.

Jenova tukakodi gari jekundu, dogo kama debe la biskuti.
Sinyora usukani, mimi ramani magotini, ingawa sikuihitaji:
vidole vyangu viliijua njia kwa kupangusa.
Kushoto, Sinyora. Sasa linakuja lile doa la kahawa
alilomwaga marehemu mumeo. Baada ya doa ni daraja.
Na daraja likaja.

Tukaingia tumboni mwa mlima, dakika kumi na mbili bila mbingu,
nikahesabu kwa Kigiriama nisimtie hofu.
Ng'ambo, theluji. Ndiyo hii?
Barafu ya friji niliyokuwa nikiikwangua kwa mwiko.
Mpakani, mimi pasi mkononi, ile viza ya safari tatu za Nairobi,
jasho limelowanisha jalada:
kibanda kitupu, kioo kimevunjika, paka.
Hakuna aliyeniuliza jina.
Nilikasirika, nakwambia.
Nilitaka niulizwe.

Mlangoni kwa nyumba aliyozaliwa
Sinyora akainua mkono, asigonge.
Nikamgongea. Nikasema hodi,
maana katika Kiitaliano changu chote hamna hodi.
Mwanamke akafungua, unga mikononi,
akatupa viti viwili mbele ya dirisha.
Sinyora alilitazama dirisha lile mpaka chai ikapoa.
Kisha akanigeukia na Kiswahili chake kibovu
ambacho hajapata kukitoa nje ya jiko:
Nyevu, mimi nataka enda nyumbani.
Nikamuuliza, kwani hii si ndiyo?
Akasema: Ile. Ile maji nakatika.

Jumatatu nimerudi kazini.
Kitambaa kibichi, Jenova, Milano, doa.
Nilipokaribia msumari, mkono ukasita.
Kuna vumbi pale.
Nimeliacha.