Seli ya Thelathini na Moja

Vizma amehamia Liepāja,
akaniachia daftari.
Si la karatasi: ni la seli, moja chini ya nyingine,
na namba za pembeni zimeruka kama meno ya mtoto,
tatu, kumi na tisa, nne, mia mbili na saba.
Alikuwa akiliendesha kwa mkono kila asubuhi,
chai kushoto, koti bado mabegani,
akishuka, akipanda, akirudia alikoruka,
hadi itoke tarakimu moja:
joto la maji ya kusukuma mitaani leo.

Sasa wanataka lijiendeshe lenyewe.
Saa kumi alfajiri, pasipo mtu.
Mabomba ya Daugavpils hayamngoji mtu anywe chai.

Nilianza na mepesi.
Njia iliyoelekea kwenye kompyuta ya nyumbani kwake,
folda aliyoiita "ya mwisho kabisa 2",
nikaifuta. Tarehe nikaifanya kigezo,
ibishe hodi kutoka nje kama mgeni mwenye adabu.
Nywila iliyokaa uchi nikaisitiri.
Grafu kumi na nne nikaziondoa,
maana saa kumi alfajiri hakuna jicho la kuzitazama.
Moja ilikuwa nzuri, Februari nzima
kama mgongo wa paka anayejinyoosha.
Nilikaa nayo kidogo.

Kisha nikaizima kumbukumbu ya mashine,
nikaiwasha upya, nikaamuru: toka juu hadi chini,
usiruke, usirudi.
Ikafika seli ya thelathini na moja, ikagoma.
Silijui jina hili: pungufu.

Nikatafuta. Pungufu limetumika mara sita,
halikuzaliwa popote.
Siku moja Vizma aliliandika, kisha akaifuta seli,
na mashine, kwa kuwa hakuizima kamwe,
ikaendelea kulikumbuka miezi na miezi,
kama nyumba inayomwekea marehemu sahani.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata iko Liepāja.

Nikampigia. Upepo upande wa pili, mtoto analia.
"Ah, pungufu! Ni nne.
Kipimajoto cha jengo la tisa kimefungwa
juu ya dohani ya mwoka mikate,
kinaona joto ambalo watu hawana.
Genādijs wa boila alipanda ngazi akakigusa mwenyewe.
Nikapunguza digrii nne, wasilale na makoti."
Mbona hukuandika?
"Nilikuwa nalijua."

Nikaliandika. Seli ya kwanza kabisa,
pungufu ni nne, na sentensi ya kibinadamu chini yake:
nani alisema, kwa nini, dohani ipi.
Nikaongeza: kipimajoto kikinyamaza, usibahatishe,
niamshe mimi.
Nikalikabidhi kwa ratiba.

Usiku huo ulikuwa na digrii kumi na tisa chini ya sifuri.
Sikulala, ingawa maana ya kazi yote ilikuwa nilale.
Saa kumi na sekunde arobaini na moja,
tarakimu ikatoka. Safi. Hakuna aliyeitwa.

Asubuhi nikapita jengo la tisa, sijui kwa nini,
labda kutafuta harufu ya mkate.
Theluji mpaka vifundoni,
na madirisha yote ya ghorofa ya pili yako wazi,
pazia limetoka nje linapepea kwenye barafu.
Bibi mmoja, mikono mitupu, anajipepea kwa gazeti.
"Mnatuchemsha!" akanipigia kelele,
kana kwamba kofia yangu imeandikwa ninakofanya kazi.
Nikatazama chini. Kufuli mlangoni kwa mwoka mikate,
karatasi kiooni, imefifia kidogo:
Tumefunga tangu Jumanne. Asanteni.

Nikarudi ofisini na soksi mbichi.
Seli sikuifuta.
Nikaandika pungufu ni sifuri,
nikaandika tarehe, nikaandika tanuri limezimwa,
na kwa yeyote atakayerithi daftari hili baada yangu:
usiniamini sana.
Nenda ukaangalie.