Maneno Arobaini

Manispaa imenipa kazi ya kuandika cheti:
maneno arobaini, wamesema, yasizidi,
maana fremu ni ndogo na wino wa dhahabu ni ghali.
Nimekaa tangu saa mbili usiku,
paka amelalia karatasi,
na bado niko kwenye jina:
Edelmira Oyarzún Catrileo.
Matatu yamekwisha. Yamebaki thelathini na saba.

Niyatumie wapi?
Kwenye ngazi za kilima chetu, mia mbili na kumi na mbili,
alizozipanda na ndoo kila mkono
kabla bomba halijafika Valparaíso ya juu,
na bomba lilipofika
akazishuka na faili kwapani, kwenda kudai maji ya kutia ndani ya bomba?

Au kwenye sufuria?
Ile ya alumini, yenye tumbo jeusi,
aliyoikomboa kwa saa ya marehemu mumewe
mwaka kiwanda kilipofungwa
na baba zetu wakawa wanarudi saa nne asubuhi,
wakitembea polepole ili wachelewe.
Aliiteleka juu ya matofali, uwanjani kwa padri,
akagonga kifuniko kwa mwiko.
Watoto themanini na watatu. Mimi nilikuwa wa sitini na kitu,
mwenye bakuli la plastiki lenye ufa.
Aliuziba ufa kwa kidole gumba akinipakulia,
supu ya moto ikimchirizika mkononi,
wala hajawahi kunitajia.

Askari walipokuja kuuliza nani kiongozi hapa,
alisema, "Njaa. Mkimkamata, mtuletee taarifa."
Wakamwaga maharage.
Akayaokota moja moja hadi giza likaingia,
sisi tukimmulikia kwa viberiti.
Wino wa dhahabu hauandiki maharage.

Nisimpambe, lakini. Alikuwa mkali kama siki.
Aligombana na don Fermín wa zimamoto
miaka kumi na mmoja kwa ajili ya ufunguo mmoja,
na don Fermín alipolazwa, ni yeye aliyempelekea uji,
akautua mezani, akasema,
"Ufunguo bado ni wa ukumbi."
Na Yolanda, bintiye, aliwahi kuniambia:
"Mama alikuwa wa kilima kizima. Sisi tulipanga foleni."
Wahenga walisema kutoa ni moyo;
hawakusema mlangoni pa moyo huo
nani husimama nje na mvua inanyesha.

Leo jioni nilipita kwake kuuliza tarehe.
Ana miaka themanini na sita. Magoti yamegoma;
ngazi anazishuka kwa makalio, akizitukana kwa majina
kama watoto aliowalea.
Nikamsomea rasimu: "Kwa uongozi wake uliotukuka…"
Akainua mkono.
"Utukufu mwachie Mungu. Wageni wangapi?"
Mia na ishirini, nikasema.
"Viti vya ukumbi ni tisini na sita. Vinne vina mguu mbovu.
Na mkate nani anakata?"
Sikuwa na jibu.
Akavuta droo, akatoa daftari, penseli iliyotafunwa,
akaniwekea mapajani.
"Haya, andika."

Sasa ni saa saba usiku.
Cheti kiko palepale, maneno matatu.
Daftari limejaa:
viti ishirini na nane, kuazima kwa Wainjilisti;
balbu ya jukwaani imeungua tangu Pasaka;
mama Huenchumil asikii sikio la kushoto, akae kulia kwa spika;
mkate, Nibaldo, kama hajalewa.
Chini kabisa, kwa mwandiko wake unaotetemeka:
usisahau wale wanaoosha vyombo, nao wale keki.

Nimehesabu mstari huo. Ni maneno saba.
Paka ameamka, anataka maziwa.
Nami natafuta kisu cha mkate,
kipo, nakumbuka kipo,
ila mpini wake umelegea.