Kumbukumbu za Kikao cha Saba

Kwa Kiarabu niliandika yanayotakiwa na sheria:
tarehe, mahudhurio, hoja, saini na muhuri.
Faili liko kabatini, Sohar, ghorofa ya pili,
kiwanda cha vigae, nyuma ya bandari.
Haya hapa ni yale yaliyobaki kwenye kalamu,
nayaandika kwa lugha ya jikoni kwetu,
lugha aliyorudi nayo bibi kutoka Unguja
imekunjwa ndani ya kanga
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi.

Sikuandika kwamba kiyoyozi cha chumba kile kinafanya kazi
hata tukaona baridi,
sisi tuliotoka kwenye tanuri
na vumbi jeupe la udongo kwenye nyusi,
wazee wa ghafla.
Sikuandika kwamba meneja alijimiminia kahawa,
akanywa, akatikisa kikombe,
ndipo akakumbuka kuuliza kama nasi tunakunywa.

Akasema: "Sisi hapa ni familia moja."
Ghanima wa idara ya kupakia,
ambaye tangu kikao cha kwanza hajafungua mdomo ila kupiga miayo,
akasema: "Basi, baba, mbona sinia ni moja
na nyama yote iko upande wako?"
Kwenye faili imeandikwa: Mjumbe alitoa ufafanuzi.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Hilal anavyo tisa.
Cha kumi kilibaki kwenye mashine ya kushindilia, namba nne,
mwezi wa Julai, mwaka ambao hatukuwa na chama,
akalipwa siku sita za mapumziko
na kopo la maziwa ya unga.
Ndiye tuliyempa kalamu asaini kwa niaba yetu.
Alisaini polepole, makusudi,
kwa mkono ule ule,
na meneja akatazama dirishani
kama mtu aliyesikia adhana kabla ya wakati.

Kura, na hili sheria isisikie,
mara ya kwanza tulizipiga usiku kwenye basi la zamu,
kwa kokwa za tende ndani ya dele la kahawa.
Kokwa: ndiyo. Kijiwe: bado naogopa.
Hapana hatukuiweka.
Zikatoka kokwa mia na kumi na mbili, na vijiwe tisa.
Kimoja katika hivyo tisa kilikuwa changu.

Tumepata riali ishirini na mbili juu ya mshahara,
posho ya zamu ya usiku, basi lenye baridi,
bima ya wazazi.
Mama aliigeuza kadi mbele na nyuma,
akaisogeza kwenye taa:
"Hii inakwisha lini?"
Nikamwambia: tukilala.

Kipengele cha mwisho siku zote ni Mengineyo.
Kwenye faili: Hakukuwa na mengineyo.
Huo ni uongo, na nimeupiga muhuri.
Mwachiro wa Kwale, mtu wa wakala,
ndiye aliyeingiza viti,
kumi na vinne, viwili viwili, begani,
akavipanga, akapangusa kile cha meneja, akatoka.
Tanuri letu ni lile lile, vumbi letu ni lile lile,
ila jina lake limo kwenye karatasi za kampuni nyingine
na zile riali ishirini na mbili hazijui njia ya kufika huko.
Nilipotoka alikuwa bado ukutani.
Akaniuliza kwa Kiswahili, chini chini,
akijua hakuna mwingine pale wa kuelewa:
"Dada, mmepata?"
Nikasema tumepata.
"Hongereni," akasema, na alimaanisha.
Hilo ndilo lililoniuma.

Kikao cha nane ni Jumatatu.
Ajenda nimeiandika mwenyewe,
hoja ya kwanza: Mengineyo.
Viti nimeomba kumi na vitano,
na safari hii nitaviingiza mimi.