Tundu la Pembeni

Muhenna ameipandisha Patroli yake inchi nne
apate kupita mchanga wa Bidiya bila kuburuza tumbo.
Springi mpya, nyekundu, hata vumbi hazijaonja.
Ameniletea hapa Ibra, gereji, baada ya Isha,
maana mchana wa Agosti spana haishikiki.

“Inayumba,” anasema. Haongezi neno; aibu.
Anayesema ni bibi yake, Shinuna,
aliyepandia kreti la soda na kushukia kreti la soda:
“Toka Sinaw mpaka hapa lilikuwa linakwenda
kama mtu anayetafuta kiatu chake mlangoni mwa msikiti.”

Miaka yote ya ufundi sijaelezwa vizuri hivyo.

Nalala chini. Kadibodi mgongoni, tochi mdomoni.
Ekseli imehama kushoto, upana wa kidole:
fito inayoikingama imeivuta, fupi kwa kimo kipya.
Rodi ya usukani imeinama kama paa la banda;
kila ikigonga tuta, magurudumu yanageuka
na hakuna aliyeyaamuru.
Na ile pembe asiyoiona mnunuzi,
inayoyarudisha magurudumu kati ukiachia usukani,
ilikuwa digrii tatu. Imebaki nusu.

Nikamwonesha toroli la mitungi ya gesi.
Sukuma. Unaona kigurudumu kinavyojiburuta
nyuma ya msumari wake, kikanyooka?
Ukikisimamisha wima chini yake
kitahangaika usiku kucha.

“Basi niishushe?”
Hapana, kijana. Umepanda, umepanda.
Ila vya chini navyo vinadai.

Nikafungua boksi la bushi. Akazigeuzageuza.
“Wamekuuzia mbovu. Tundu haliko katikati.”
Nikacheka mpaka paji likagonga chesisi.
Limetobolewa pembeni makusudi, Muhenna!
Kombo hupimwa, likapachikwa, gari ikanyooka.
Mie mtu wa Tanga, mwaka wa kumi na tisa hapa,
Kiswahili changu kimekaa pembeni ya Kiarabu changu kibovu,
na nikiachia mikono, nikichoka,
ni hicho kinachonirudisha kati.

Hilo sikumwambia. Nilikuwa na bushi moja ya zamani
iliyong’ang’ania, ikabidi niichome;
raba ikanuka hadi barabarani,
Shinuna akafunga pua kwa ushungi
akamtaja babu wa mtu, sijui wa nani.

Saa nane usiku, njia ya Mudhaibi, lami tupu.
Themanini. Nikaachia usukani.
Nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili,
Muhenna ameshika dashibodi kwa mikono yote,
gari imetulia kwenye mstari wake
kama haijapata kusikia habari za kiatu.
Nembo tu imelala kidogo kulia.
Kesho nusu mzunguko wa rodi, itakaa.

Bibi, kiti cha nyuma, nilidhani amesinzia:
“Na kupanda kwangu, fundi?”

Hilo, bibi, sina bushi yake.
Kreti nimekufungia nyuma, kwa kamba.