Kutoka ya Kumi na Moja Hadi ya Kumi na Nne

Ngamiani hatuna haja ya majina marefu.
Ukiulizwa unakaa wapi, unajibu tarakimu:
ya Kumi na Moja, nyumba yenye baraza jekundu.
Shule ya binti yangu iko ya Kumi na Nne,
na mtoto wa darasa la nne hapotei
mahali ambapo barabara zimejipanga kama jedwali.

Basi Jumatatu, Mama Ridhiwani wa vitumbua
akaniambia, "Mwantumu nimemwona ya Kumi na Tatu,
anapinda kona ya kinyozi."
Jumanne fundi baiskeli akamwona kwingine.
Jumatano akaonekana kwenye mashine ya kusaga,
unga umemkaa begani kama chaki.
Mtaa ukaanza kunihesabia.
Mmoja alisema kuna mtu anamfuata,
wa pili akasema yeye ndiye anayefuata mtu,
wa tatu aliguna tu,
na mguno, kwa Tanga, ni sentensi nzima.

Mimi ni fundi vigae.
Nalipwa kwa mita ya mraba, si kwa mawazo.
Alhamisi niliacha saruji inaganda kwenye karai,
nikamfuata mwanangu
nikijibanza milangoni mwa watu kama mdaiwa.

Mtaa mmoja mbele. Kulia.
Akasimama, akatoa penseli, tena penseli yangu,
ile bapa niliyoitafuta wiki nzima,
akaandika kitu kiganjani.
Mbele. Mbele tena. Kulia.
Kengele inalia, naye yuko getini.

Jioni sikufoka. Nilisema tu, "Lete daftari."
Ukurasa wa mwisho, fumbo la Mwalimu Semkiwa:

*Mtoto aenda shule, nyuma hawezi rudia,*
*Mitaa mitatu mbele, na miwili ya kulia,*
*Apite huku na kule, kila siku mpya njia,*
*Semeni bila kelele, njia ngapi zatimia?*

Chini yake michoro minne ya ngazi-ngazi,
kila mmoja na siku yake.
"Wenzangu wamekisia," akasema.
"Mbelwa kasema sita, eti tatu mara mbili.
Mimi nimeona nizitembee."

Nilijua sita si jibu.
Sikujua nimejuaje.
Nikachukua kigae kilichomeguka pembe, nikakigeuza mgongo,
nikachora mitaa yetu.
"Hapa nyumbani. Kona hii unaifikia kwa njia ngapi?"
Moja.
"Na hii ya pembeni?"
Moja.
"Na hii, inayopakana na zote mbili?"
Akanyamaza. Nje pikipiki ilipita, ikapotea.
"Mbili, baba. Ya huku na ya huku."
Kisha akaninyang'anya penseli.
Mbili na moja, tatu. Tatu na moja, nne.
Safu ya juu: moja na mbili, tatu.
Tatu na tatu, sita.
Sita na nne...

Miaka kumi na tisa natandaza sakafu za watu,
napiga magoti kwenye kona,
nazipima kwa uzi, nazifuta kwa tambara,
na hakuna iliyowahi kuninong'oneza
kwamba inabeba hesabu ya jirani zake.

"Kumi," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji kamili.
"Kwa hiyo nimebakiza sita."
"Lakini jibu umeshalipata."
Akanitazama kama Mbelwa.
"Jibu, ndiyo."

Mama Ridhiwani nikamwambia anafanya hesabu.
Akacheka, lakini kesho yake
alimwekea kitumbua kwenye kona ya njia ya tano,
na ya sita, mpaka Ijumaa ya wiki ya pili
njia zikaisha.

Jumatatu akachelewa kuamka.
Nikamwona akikatiza uani kwa Bi Mwanakheri,
chini ya kamba ya nguo, katikati ya mabata,
kwenye upenyo wa makuti, viatu mkononi.
Jioni nikamuuliza kama ile nayo tuiandike,
ya kumi na moja.

"Ile si njia, baba," akasema.
"Ile ni kuchelewa."