Maagizo kwa Mgeni wa Chumba cha Juu

Ufunguo uko chini ya chungu chenye ua lililokufa.
Usilimwagilie maji, nimelikatia tamaa tangu Pasaka.
Kitasa kinataka kubembelezwa: vuta mlango kwako,
zungusha mara mbili, kisha sukuma kwa goti.
Ukiupiga teke, jirani yangu Nunu atachungulia
na habari zako zitafika sokoni kabla yako.

Maji ya bomba kunywa bila wasiwasi.
Ya moto huchelewa. Fungua, hesabu hadi ishirini,
halafu ishirini tena. Ndivyo tuhesabuvyo huku Kutaisi:
themanini kwetu ni ishirini nne,
na mimi ni ishirini tatu na kumi na mbili,
ndiyo maana sikupandishii taulo. Ziko kabatini.

Fedha usibadilishe uwanja wa ndege.
Teremka hadi daraja jeupe, utafute dirisha
la mwanamke anayefuma soksi.
Zihesabu lari zako mbele yake, hatanuna;
angenuna usipohesabu.

Ratiba iliyobandikwa kituoni ni ya mwaka juzi.
Muulize muuza mbegu za alizeti.
Nunua mbegu kwanza, ndipo uulize.

Mbwa wenye kipini cha plastiki sikioni wamechanjwa.
Yuko mmoja wa rangi ya majivu
atakayekusindikiza kilimani hadi kanisani
na kukungoja nje mpaka utoke.
Si wangu. Si wa mtu.
Usimpe jina, tafadhali. Wageni humpa majina
wakaenda zao, na sasa maskini
anaitikia kila neno.

Kanisani, mwanamke ajitande kichwa;
kaptula, bwana, ibaki humu chumbani.

Ukialikwa mezani, na utaalikwa,
glasi yako itulie hadi msemaji wa meza asimame.
Atasema. Ataendelea kusema.
Atakapofika kwa waliotutangulia
dondosha divai kidogo juu ya mkate wako
umtaje wa kwenu kimoyomoyo. Mimi humtaja Otari.
Kama dini yako haikuruhusu, sema mapema:
utaletewa soda ya kijani, chungu kidogo, tamu kidogo,
na hakuna atakayekutazama kwa jicho la pembeni.

Lugha yetu ni ngumu, usijisumbue nayo.
Jua hili tu: mtoto akilia sokoni “mama! mama!”
anamwita baba yake.
Mama huku ni deda.

Picha ya ukutani usiigeuze.
Mgeni mmoja aliigeuza, eti macho yanamfuata.
Yanamfuata nani? Yule ni Badri, mwanangu,
hajawahi kumfuata mtu; kazi yake ni kuondoka.
Yuko Poland, anapanga maboksi ghalani usiku kucha
katika mji ambao jina lake
ninaweza kuliandika, kulitamka siwezi.

Juma lake la kwanza alinipigia simu.
Deda, akaniambia, sijui chumvi inauzwa wapi.
Mwanamume wa miaka thelathini na mmoja!
Siku sita alikula mayai chapwa
kwa haya ya kuuliza,
na mwenye nyumba alikuwa ng'ambo ya ukuta,
anamsikia akikohoa.
Nilicheka hadi simu ikakatika.
Kisha nikaketi hapo ulipoketi wewe,
kitanda hicho hicho, nikatafuta kalamu.

Kwa hiyo nisamehe kama nimeandika mno.
Polisi, moto, hospitali: moja, moja, mbili.
Usiku ukipungukiwa na kitu, chochote kile,
gonga bomba la joto kwa kijiko, mara mbili.
Usingizi wangu ni wa paka.

Chumvi: rafu ya juu, kopo la buluu.
Kibiriti kiko nyuma yake.

Tsiala